Masafa ni Saa: Historia ya Kupima kwa Wakati katika Nchi ya Kasongo na Kabambare

Msafiri atakayesimama Kasongo, Maniema ya kusini, akauliza umbali wa Kabambare, hatajibiwa kwa kilomita. Ataambiwa siku ikiwa anakwenda kwa miguu au anasukuma baiskeli iliyopakiwa magunia, na ataambiwa saa ikiwa ana nauli ya pikipiki. Na mwendesha pikipiki mwenyewe, kabla ya kutamka hesabu yake, atainua uso kutazama mawingu, kwa kuwa saa za kiangazi si saa za masika, na udongo wa njia ile ukishalowa humfanya mtu mzima ateremke asukume chombo alicholipia kimpakie. Ramani ina jibu lake pia. Ukivuta uzi kutoka mji hadi mji utapata yapata kilomita 115, Kabambare ikiwa upande wa mashariki na kusini kidogo. Liko na jibu la tatu, ambalo wachache hulifikiri: jua huchomoza Kabambare kiasi cha dakika nne kabla halijachomoza Kasongo. Dakika nne hizo na kilomita zile ni kitu kimoja kilichotajwa kwa majina mawili, na mtu aliye na saa ya kuaminika angeweza kupima masafa baina ya miji hii miwili pasipo kunyosha kamba hata mara moja.

Nimetanguliza habari hiyo kwa sababu historia ninayokusudia kuisimulia ni historia ya kupima umbali kwa wakati, na sijui nchi iliyolipia elimu hiyo kwa jasho kama nchi hii. Watu wa misafara waliotoka pwani kupitia Unyanyembe na Ujiji hadi Maniema hawakujua namna nyingine. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip, alipoyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, alihesabu njia zake kwa siku na miezi, na msomaji wa leo aliyezoea vibao vya barabarani huweza kudhani kuwa huo ni ushamba wa mtu asiye na vyombo. Dhana hiyo si sawa. Siku ya mwendo ni kipimo kilichokwisha kuingiza ndani yake vilima, mito, uzito wa pembe mabegani na njaa ya wapagazi; kilomita haina habari ya mambo hayo.

Mwezi wa Oktoba 1876, katika kijiji cha Mwana Mamba, si mbali na Kasongo, Henry Morton Stanley alikutana na Tippu Tip akamwomba amsindikize kuufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, mahali ambapo hapana mfanyabiashara wa pwani aliyewahi kupita akarudi na habari njema. Jamaa zake Tippu Tip walimkataza. Majadiliano yakaendelea, hata mwisho wake ukaandikwa mkataba ambao mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa nyaraka za ajabu katika historia ya vipimo: Tippu Tip atamsindikiza mgeni kwa mwendo wa vituo 60, kila kituo kikiwa ni mwendo wa saa nne, na ujira wake, kwa hesabu aliyoiandika Stanley, utakuwa riale 5000. Mkataba haukuweka maili, wala haukutaja mji wa kuishia, maana mji huo haukujulikana. Bidhaa iliyouzwa na kununuliwa pale ilikuwa masafa, na kipimo cha bidhaa kilikuwa saa ya mfukoni.

Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, na siku iliyofuata ukaingia msituni. Huko ndiko mkataba ulikopata jaribu lake. Saa nne za uwandani, katika nyasi na njia iliyokwisha kukanyagwa, zilikuwa masafa ya kuridhisha. Saa nne chini ya miti ile, penye giza la mchana, matope ya utelezi, mizizi iliyotanda njiani na magogo ya kupanda na kushuka, huku mashua ya Stanley iliyokatwa vipande ikibebwa mabegani na kunasa kila penye kichaka, zilikuwa karibu na si kitu. Saa ilikwenda vilevile. Mwendo ndio uliobadilika, na pamoja nao thamani ya kila saa. Haukupita muda Tippu Tip akaomba afunguliwe katika ahadi yake, na baada ya maneno mengi wakafanya mkataba wa pili: vituo 20 tena, kwa riale 2600. Mwishoni mwa Desemba, huko Vinya Njara, wakaagana. Mmoja akarudi kwenye biashara yake na mwingine akateremka na mto hadi bahari ya Atlantiki.

Kosa la mkataba ule ni rahisi kuliona sasa, nalo ni mlango wa yote yatakayofuata. Anayepima umbali kwa wakati hutegemea mambo matatu. Kwanza saa yake iwe ya kuaminika. Pili kile kinachosafiri kiwe na mwendo usiobadilika, au mabadiliko yake yajulikane. Tatu ajue kwa yakini ni lini safari ilianza na ni lini ilikwisha, asije akahesabu kituo cha njiani kuwa ndicho mwisho wa safari. Tippu Tip na Stanley walikuwa na la kwanza na la tatu. La pili liliwaponyoka msituni.

Miaka michache kabla yao, katika nchi hiyo hiyo, mtu mwingine alikuwa amepungukiwa na la kwanza. David Livingstone aliingia Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869, akaenda akarudi, na kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871 akazuiliwa pale na vidonda vya miguu visivyotaka kupona, akiishi kwa ihsani ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambao biashara yao ya watumwa aliichukia kwa moyo wote. Alikuwa amekuja nazo saa za baharini, zile ambazo mabaharia huzitumia kujua wako wapi mashariki au magharibi. Kanuni yake haina siri. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja. Basi ukijua kwa jua au kwa nyota kwamba hapa ulipo ni adhuhuri, na saa uliyoichukua kutoka kwenu ikakuambia kule ni saa nne na robo ya asubuhi, umekwisha kujua umetengana na kwenu kwa nyuzi ngapi. Lakini kanuni hiyo haina huruma. Saa ikikosea dakika moja tu, karibu na ikweta utakuwa umejiweka kilomita 28 mbali na mahali ulipo. Ikikosea sekunde nne, umekosea kilomita mbili, kasoro kidogo.

Sasa fikiri saa hizo zimebebwa na kijana mpagazi katika mvua za mwanzoni mwa 1867, akateleza akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Fikiri kwamba baadaye, kwa maneno ya Livingstone mwenyewe, tetemeko la ardhi liliubadilisha mwendo wa saa hizo. Hata hesabu ya siku, ambayo haihitaji chombo bali kumbukumbu tu, homa ilimchezea: alipofika Ujiji mwaka 1871 alikuja kugundua kwamba kalenda yake imetangulia kwa siku 21.

Liko tukio dogo katika kumbukumbu zake ambalo kila nilisomapo hujiona kama niko chumbani mwake. Amefika Nyangwe, mwisho wa Machi 1871, mtoni Lualaba, na siku chache baadaye anataka kujua yuko longitudo gani. Saa imekataa kwenda. Basi anafunga kizito kidogo kwenye ufunguo wa saa, ule wa kujazia, ili uzani uivute mashine isonge. Jaribio halimtoshelezi, naye anaazimia kulirudia kesho yake mahali palipotulia zaidi. Nje ni kelele za gulio la Nyangwe, samaki, vyungu, kuku, wanawake kwa mamia wakibishana bei. Ndani mzee mmoja, meno yamekwisha, anaisaidia saa kwa kizito. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 15 Julai, watu wa wafanyabiashara walipiga risasi katika gulio hilo, na waliokufa kwa bunduki na kwa maji wakahesabiwa kwa mamia. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaondoka Nyangwe bila ya kupata mtumbwi wa kuufuata mto.

Karatasi zilikuwa zimemwishia pia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu, na wino huo ukafifia kiasi cha kutosomeka. Mwaka 2010 na 2011 jopo la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki liliziangaza kurasa zile kwa nuru za rangi nyingi moja baada ya moja, pamoja na barua aliyoiandika kutoka Kabambare mwezi wa Februari 1871, maneno yakarudi. Huo si upimaji wa masafa, nami nautaja kwa kupita tu. Lakini ni jambo la kufurahisha kwamba nuru iliyopangwa kwa akili imelitumikia neno lililoandikwa Kabambare.

Baada yake msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe Agosti 1874 akiwa na vyombo vyema zaidi na tabia ya baharia. Yeye alishughulika na kimo. Alichemsha maji akasoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka mapema kadiri mtu anavyopanda, takriban digrii moja kwa kila mita 300. Na kwa hesabu zake Lualaba ya Nyangwe ilikuwa chini kuliko Naili ya Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Akakata shauri kwamba mto ule si Naili bali ni Kongo, na neno lake likathibitika.

Vita vilivyofuata, baina ya wafanyabiashara wa pwani na wakoloni, havina nafasi kubwa hapa. Nyangwe ilitwaliwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huo, Kabambare Januari 1894. Mwishoni mwa 1898 askari walioasi waliishika Kabambare kwa muda mfupi. Kisha wakaja wapimaji wa serikali na minyororo yao ya chuma, na kwa nusu karne umbali ukapimwa kwa kuvutwa juu ya ardhi, jambo ambalo katika bonde la mto Luama na vilima vyake ni kazi ya kuua.

Wakati huo wote, na hata kabla yake, mbali na Maniema, wako waliokuwa wakilitafuta lile jambo la pili: msafiri asiyebadili mwendo. Sauti ilijulikana tangu zamani. Mtoto wa Kasongo aliyeona umeme akahesabu moja, mbili, tatu hata radi ikanguruma, anaweza kuambiwa kwamba kila tatu ni kilomita moja, kwa sababu sauti hukata mita 340 hivi kwa sekunde; na wapigaji wa ngoma za mti, zile za kupelekea habari kutoka kijiji hadi kijiji, walijua kwa masikio yao kwamba ngoma ya mbali huonekana ikipigwa kabla ya kusikika. Lakini sauti hubadilika kwa joto na kwa upepo. Nuru ndiyo isiyobadilika, ila kasi yake inatisha, na kwa muda mrefu ilidhaniwa haina muda wowote wa safari.

Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau, Mfaransa, aliituma nuru kutoka Suresnes hadi Montmartre, zaidi ya mita 8600, ikagonga kioo ikarudi. Njiani aliiwekea gurudumu lenye meno 720. Gurudumu likizunguka polepole, nuru iliyopenya katika mwanya mmoja hurudi na kuupitia mwanya ule ule. Likiongezwa kasi kwa kipimo maalumu, inaporudi hukuta jino limeziba njia, na mtazamaji huona giza. Alijua upana wa jino, alijua mzunguko wa gurudumu, basi akaujua muda. Jibu lake lilizidi kweli kwa takriban sehemu moja katika ishirini, nalo ni jibu la heshima. Lakini tazama alichofanya: hakuwa na saa ya kupima sehemu za milioni za sekunde, wala hakuihitaji. Aliikatakata nuru ikawa vipande vya kupokezana, mwanga na giza, kisha akauliza tu kama vipande vilivyorudi vinapatana au vinapishana na vinavyotoka. Kamera nyingi za leo zipimazo kina kwa muda wa safari ya nuru ni wajukuu wa gurudumu lile.

Katika miaka ya 1950 hila hiyo ilikuja Afrika, au niseme ilizaliwa upya Afrika. Trevor Wadley, mhandisi wa Afrika Kusini, alitengeneza chombo kilichoitwa telurometa, kilichotangazwa mwaka 1957, ambacho kilipima masafa ya makumi ya kilomita kwa mawimbi ya redio. Mpimaji mmoja alisimama juu ya kilima na chombo chake, mwenzake juu ya kilima kingine. Wimbi likaenda likarudi, na kazi ikawa kusoma mdundo wake umechelewa kwa sehemu gani ya duru. Mdundo mkuu ulikuwa wa mara milioni 10 kwa sekunde. Kwa kuwa mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, duru moja ya mdundo huo, ukihesabu kwenda na kurudi, ni mita 15 za masafa. Na msomaji mwangalifu akiigawa duru sehemu mia moja, anabainisha sentimita 15.

Hapo ndipo penye fumbo. Chombo kinachokuambia kwamba mdundo umechelewa robo ya duru hakikuambii ni duru ngapi kamili zilizotangulia robo hiyo. Ni kama mtu akuambie kafika saa tisa bila ya kukuambia ni saa tisa ya siku ipi. Wadley alilitatua kwa kuongeza midundo mingine iliyopungua kidogo kidogo: milioni 9.99, milioni 9.9 na milioni 9. Tofauti ya mdundo mkuu na huu wa mwisho ni milioni moja, na duru yake ni mita 150. Tofauti na wa kati ni duru ya mita 1500. Tofauti na wa kwanza ni duru ya kilomita 15. Basi duru ndefu hukupa siku, ya kati hukupa saa, fupi hukupa dakika. Watu wa misafara wangelielewa jambo hili bila ya ualimu, maana ndivyo walivyohesabu njia zao: mwezi, kisha siku, kisha saa.

Mwaka 1983 mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliofanyika Paris ukapitisha neno ambalo Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, angelipokea kwa tabasamu. Mita haikuwa tena fimbo ya madini iliyotunzwa chini ya kufuli, wala idadi ya mawimbi ya taa fulani. Mita ikawa njia ikatwayo na nuru katika ombwe kwa muda wa sehemu moja katika 299,792,458 ya sekunde. Dunia nzima, na fundi cherehani wa Kasongo ndani yake avutaye utepe wake kiunoni mwa mteja, imeingia katika mkataba wa masafa kwa saa. Tofauti ni kwamba mwendo wa mpagazi huyu mpya haubadiliki.

Tukitoka kwenye masafa ya njia tukaja kwenye kina cha taswira, yaani umbali wa kila nukta ya picha kutoka kwenye kamera, hesabu inakuwa kali zaidi. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde nuru hukata sentimita 30. Na kwa kuwa huenda ikarudi, kuchelewa kwa kiasi hicho maana yake ni sentimita 15 za kina. Kamera inayotaka kutenganisha pua na shavu haina budi igawe hata hizo. Toleo la pili la kamera ya michezo iitwayo Kinect, lililoingia madukani mwaka 2013, lilitumia hila ile ile ya Wadley, midundo kadhaa, mmoja wa milioni 16 kwa sekunde na mwingine wa milioni 120 miongoni mwao, wa polepole uondoe utata na wa haraka ulete ubainifu. Kadiri mdundo unavyoongezwa kasi, duru hufupika, na kosa lile lile la usomaji huwa dogo kwa sentimita. Mbona basi usiongezwe bila kikomo? Kwa sababu vipokea nuru vya kawaida havidiriki kuufuata. Huchoka, hukoroga mwanga na giza vikawa kijivu kimoja.

Mwaka 2017 Achuta Kadambi na Ramesh Raskar, katika chuo cha MIT huko Marekani, walitangaza njia ya kukipita kikomo hicho, na mtu aliyekulia karibu na ngoma anaweza kuielewa kuliko aliyesoma hesabu peke yake. Wapigaji wawili wakipiga kwa kasi moja, masikio husikia ngoma moja. Mmoja akizidi kwa chembe, midundo hupatana, hupishana, hupatana tena, na juu ya vishindo vya haraka huzuka wimbi la tatu, la polepole, la kuvimba na kunywea, ambalo hakuna mkono uliolipiga. Wataalamu wale waliituma nuru yenye mdundo wa kiasi cha bilioni moja kwa sekunde, na ilipokuwa ikirudi wakaipitisha katika kizibo chenye mdundo uliotofautiana nao kidogo mno, hata wimbi la kupishana likawa la polepole kiasi ambacho kamera ya kawaida yaweza kulifuata. Kuchelewa kwa mdundo wa haraka hubaki kumeandikwa ndani ya wimbi la polepole. Waliripoti kwamba kwa masafa ya mita mbili, ambapo mifumo iliyokuwapo hubainisha kina cha sentimita moja hivi, njia yao huweza kubainisha maikromita tatu. Wimbi la polepole lina faida nyingine: ukungu, ambao huivuruga nuru na kuirudisha kabla ya wakati wake, hauliharibu kwa urahisi kama uharibuvyo mdundo wa haraka.

Hayo ya ukungu yanaturudisha msituni, na kwenye lile jambo la tatu: kujua safari imekwisha wapi. Ukiirusha nuru kutoka juu kwenye msitu wa Maniema, hairudi mara moja. Sehemu yake hurudi kutoka jani la juu kabisa, sehemu nyingine kutoka tawi la chini yake, kutoka mtambazo, kutoka mche, na chembe iliyobaki, iliyopenya katika matundu yote hayo, hurudi kutoka ardhini. Kila mwangwi huo ni ukweli, lakini mmoja tu ni ardhi. Kati ya 2014 na 2015 ndege yenye chombo cha leza ilipita juu ya misitu ya Kongo, katika mradi ulioendeshwa na WWF ya Ujerumani kwa msaada wa serikali ya nchi hiyo, ukichangiwa na wanasayansi wa Los Angeles wakiongozwa na Sassan Saatchi; vipande 216 vya msitu, zaidi ya hekta 400,000 kwa jumla, vilipimwa kwa namna hiyo, ili kimo cha miti kifanywe hesabu ya kaboni iliyomo.

Tarehe 5 Desemba 2018 kikarushwa chombo kingine, kiitwacho GEDI, kikafungwa kwenye kituo cha kimataifa cha angani, yapata kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Leza zake tatu zilirusha kila moja mapigo 242 kwa sekunde; nuru ilishuka ikarudi kwa muda usiofika elfu tatu za milioni ya sekunde, ikiangaza duara la mita 25 juu ya ardhi. Na hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi wa takwimu zake hawalijui. Pigo lenyewe lilidumu kiasi cha sehemu 15 za bilioni za sekunde, yaani kwa kina lilikuwa na unene wa mita mbili na zaidi. Mtu atauliza: kwa rungu nene namna hiyo, unapimaje kwa usahihi? Jibu ni kwamba chombo hakikusikiliza tu kwamba mwangwi umerudi. Kiliuandika mwangwi mzima, hatua kwa hatua ya sentimita 15, jinsi unavyopanda na kushuka, na kutoka katika umbo hilo kitovu cha pigo huweza kutafutwa kwa ubora kuliko unene wake. Mwenye sikio hujua katikati ya mlio wa kengele ingawa mlio ni mrefu.

Juu ya uwanda wa Kasongo hila hiyo hufanya kazi njema. Juu ya vilima vya Kabambare hupata taabu. Katika duara la mita 25 lililo juu ya mteremko wa nyuzi 20, ukingo wa juu na ukingo wa chini hutofautiana kwa mita tisa, basi mwangwi wa ardhi, uliopaswa kuwa kilele kimoja chembamba, hutandazika ukawa kilima kipana, ukachanganyika na mwangwi wa vichaka. Na mchambuzi asiye mwangalifu atahesabu mti mfupi kuwa ardhi, au ardhi kuwa mti. Kuongeza kasi ya saa hakusaidii hapo. Husaidia kulipunguza duara, kuujua mteremko kwa njia nyingine, na kupita tena na tena hata makosa yafutane.

Kituo cha angani hupita masafa yaliyo sawa na yale ya Kasongo hadi Kabambare kwa sekunde 16 hivi, na katika muda huo kila leza hurusha mapigo yanayokaribia 4000. Si yote hufika chini. Mawingu ya masika yakitanda juu ya Luama, nuru hugonga mgongo wa wingu ikarudi upesi kupita kiasi, na kipimo hicho hutupwa. Na chini ya wingu lile lile, kwenye kibanda cha njia panda, mwendesha pikipiki amekwisha kumwambia abiria wake kwamba leo hawaendi.